Mtu Aliyejiita Mwana wa Bibi

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja, nami nimewajibu nusunusu: safari ilikuwa ndefu, maji yalikuwa mengi, hitima ilisomwa vizuri. Naona kila aliyepata kipande amekijaza mwenyewe. Jana nimesikia kwamba nilipigana na Mworma ndani ya mtumbwi. Kwa hiyo nawaandikia wote kwa pamoja.

Mnajua kwamba bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanajuma wa Kau, alifariki wakati mafuriko ya El Niño yamekikata kile kijiji kutoka kila upande. Habari ilitufikia Mombasa akiwa amekwisha kuzikwa. Msichokijua ni ujumbe uliokuja baadaye. Mchuuzi mmoja wa samaki wakavu kutoka Kipini alifika kwetu, akanywa chai mpaka akatosheka, ndipo akatoa maneno aliyopewa na Mjomba Athumani, kitinda mimba wa Bibi.

"Mjombao asema hivi. Kumezuka Mworma, mzee mzima, ajiita mwana wa Bi Mwanajuma. Yuaja hitima ya arobaini kudai shamba mbele ya watu. Mmoja wenu aje, wasimame pamoja."

Mama, ambaye ndiye mkubwa wa watoto wa Bibi, miguu yake imevimba na hawezi safari. Alimshukuru mchuuzi, akamsindikiza mlangoni, akarudi kunitazama.

"Nenda wewe," alisema. "Na njiani usimwambie mtu wewe ni nani."

Shamba lenyewe ni kipande cha mpunga kando ya mto ambacho Bibi alikilima maisha yake yote. Hilo tulilizungumza. Jambo la pili hatukulitamka. Bibi aliolewa mara moja tu, na Babu, mtu wa Kau. Mwana wa Kiorma, wa wafugaji wanaohamahama, angetoka wapi? Nilipanda basi nikiwa nakwenda kulinda shamba, na nikiomba Mungu kwamba ni shamba tu.

Mombasa hadi Malindi

Kipande hiki hakina la kusimulia, kwa hiyo nitawaambia Bibi alikuwa mtu gani.

Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na hakuamini kitu mpaka akishike. Maziwa aliyaonja kabla hayajatoka kibuyuni mwa muuzaji. Kabla ya kuteka maji mtoni alirusha kijiti, akangoja aone kama kuna mamba atakayekiendea, na mimi nilipokuwa mdogo nikidhani ni mchezo. Umri wake hakuujua kwa miaka. Aliuhesabu kwa mafuriko: lile lililobomoa nyumba ya baba yake, lile aliloolewa likipungua, lile lililokuja Mama alipoposwa. Alizaa watoto saba, akazika watano. Alikuja Mombasa mara moja tu, akakaa wiki, akarudi kwao kwa sababu maji yalitoka bombani na hakuna aliyeweza kumwonyesha yanatoka wapi.

Wakati mpunga ukikomaa alishinda juu ya dungu na kombeo mkononi, akiwafukuza ndege. Ng'ombe wa Waorma wakivuka aliwafukuza nao vilevile, kwa kombeo lilelile na matusi makubwa zaidi. Ndiyo maana nilipokuwa nimekaa dirishani, nikitazama minazi ya Kilifi ikipita, habari ya mwana Mworma haikunikaa kichwani hata kidogo.

Malindi hadi Garsen

Malindi tulingoja msafara. Siku hizi mabasi ya kwenda Garsen na Lamu hayaruhusiwi kutoka moja moja kwa sababu ya majambazi wa njiani. Yalijipanga, polisi wenye bunduki wakapanda, kisha yakafuatana. Askari aliyepanda basi letu alikaa kiti cha mbele, akaweka bunduki kati ya magoti, akalala kabla hatujafika Gongoni.

"Huyu ndiye anayetulinda?" aliuliza mama mmoja wa Kigiriama aliyekuwa na kuku wawili kapuni.

"Akilala ni dalili nzuri," dereva alimjibu. "Ukimwona ameamka, shuka."

Mahali fulani barabara ilikuwa imeliwa na maji, ikabaki ulimi mwembamba wa lami. Tulishuka wote, basi likapita tupu, nasi tukafuata kwa miguu ndani ya tope la vuguvugu. Pale palikuwa na wanawake wanaouza mahindi ya kuchemsha, na nilipata shaka kwamba waliombea barabara isitengenezwe, kwa jinsi walivyotupokea kwa furaha.

Mwanamume aliyekaa nyuma yangu aliuliza mara mbili naenda wapi. Mara ya kwanza nilisema Garsen. Mara ya pili nilisema nina kazi ya shule.

"Shule gani iliyofunguliwa na maji haya?" aliuliza.

Nilihamisha begi langu kutoka juu kwenye chaga nikaliweka mapajani.

Garsen

Garsen ilikuwa imejaa watu waliokwama. Kila penye kivuli palikuwa na mizigo, na juu ya kila mzigo mtu amekaa. Niliingia mkahawani kwa mama wa Kisomali, nikapewa chai ya maziwa yenye iliki na mahamri mawili magumu ya jana.

"Witu leo hakuna gari," aliniambia kabla sijauliza. "Kesho hakuna. Barabara iko chini ya maji. Wewe nenda Idsowe, tafuta mtumbwi."

Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza. Mzee mrefu wa Kiorma alisimama mlangoni, kikoi cheupe, fimbo begani, na mkononi kibuyu kilichovikwa ngozi na kufungwa kwa kamba mpya. Hakuingia. Aliuliza kutoka nje, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita mifugo:

"Nani anaenda Kau?"

Nilitazama ndani ya kikombe changu. Watu wangapi wa Kiorma wana shughuli Kau, kijiji cha wakulima na wavuvi, katikati ya mafuriko, wiki hiyohiyo ya arobaini ya Bibi? Nikalipa chai yangu, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Haikunisaidia. Idsowe mtumbwi wa kushuka na mto ulikuwa mmoja, na nilipofika yeye alikuwa amekwisha kukaa ndani.

Idsowe hadi Wema

Mwenye mtumbwi alikuwa Mpokomo wa Wema, jina lake Komora, mtu wa makamo, mwenye mdomo usiopumzika. Aliniweka mbele, akamweka mzee katikati, yeye akasimama nyuma na upondo wake. Mto haukuwa na kingo tena. Tulipita juu ya mashamba ya watu. Hapa na pale ncha za migomba zilitokeza majini.

Mzee alikuwa ameshika mtumbwi pande zote mbili, kibuyu kimebanwa katikati ya miguu.

"Mzee, legeza mikono," Komora alimwambia. "Ng'ombe wako wanajua maji kuliko wewe."

"Ng'ombe yangu inajua maji kwa sababu inaona shamba yako upande ingine," alijibu mzee bila kugeuka.

Komora alicheka mpaka mtumbwi ukayumba, na mzee akashika tena kwa nguvu zaidi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia neno shamba.

Baada ya muda mzee aliniita. "Binti. Wewe unaenda kwa nani?"

"Kwa watu wa kazi. Mambo ya shule."

Alilitazama begi langu. Zipu haikufunga vizuri, na pakiti ya ubani ilikuwa imechungulia.

"Shule siku hizi inafukiza ubani?"

"Hapo umeshikwa, dada!" Komora akapiga kelele kutoka nyuma.

"Ubani ni wangu," nilisema. "Na wewe, mzee, unaenda wapi?"

"Hitima."

"Ya nani?"

"Ya mama."

"Mama yako?"

"Wewe unauliza kama polisi," alisema, akageuza uso.

Nilikuwa na hakika sasa. Mtu huyu ndiye yule. Nilikaa kimya nikasikiliza, maana Komora alikuwa anamchokoza, na mtu anayechokozwa husema. Na alisema. Alisema kwamba wanawake wa Kau ni hatari, kwamba kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akipiga ng'ombe kwa kombeo kutoka mbali, lakini hapigi jicho. Mguu tu. "Mama ile alijua ng'ombe ikipofuka ni kufa," alisema. Aliongeza kwamba mama huyo alikuwa akiimba akipepeta mpunga, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake.

Ni kweli. Bibi alikuwa na sauti kama ya mwanamume. Lakini hilo hulijui kwa kupita na mifugo ng'ambo ya mto. Hulijui mpaka ukae uani kwake.

Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo tangu utotoni sikuwahi kulifikiria. Kila kiangazi, nilipopelekwa Kau likizo, alikuja Mworma na samli. Waorma wengi walikuja na samli, na Bibi aligombana nao wote juu ya bei. Huyu mmoja hakugombana naye. Alimkaribisha uani, akampa maji kwa mkono wake mwenyewe, wakazungumza kwa sauti ya chini, naye akaacha kibuyu akaenda. Sikumbuki kumwona Bibi akimlipa. Wala sikumbuki Babu akiwapo.

Mnaona akili yangu ilivyokuwa inakwenda. Nilikuwa nimetoka Mombasa nikimshuku Mworma. Kabla hatujafika Wema nilikuwa namshuku Bibi.

Wema

Jua lilikuwa linashuka, na Komora hakutaka kuingia kwenye viboko jioni, kwa hiyo tulilala Wema kwa shangazi yake. Sehemu ya kijiji iliyoinuka ilikuwa kavu, watu wamesongamana na mbuzi wao. Shangazi alitupikia wali na samaki wa kukaanga, sinia moja kubwa, akatuwekea sote.

Mzee alitazama sinia, akasogea nyuma. Hakugusa hata wali. Alifungua kichupa chake cha maziwa akanywa taratibu, mgongo wake kwetu.

Kwetu mtu anayekataa chakula chako ana jambo na wewe. Nilimnong'oneza shangazi, "Huyu ana nini moyoni? Mbona hataki kula na sisi?"

Shangazi alinitazama kama niliyeota mkia. "Hao hawali samaki! Na chungu kilichopika samaki hawakitaki. Wewe ni wa wapi usiyejua hilo?"

"Mombasa."

"Na unaenda Kau kwa nani?"

Niliona nimejiingiza mwenyewe mtegoni, nikajaza mdomo wali. Mzee hakugeuka, lakini nilijua amesikia. Tangu pale ikawa yeye ananichunguza mimi. Asubuhi nilipotoka kunawa uso nilimkuta amesimama karibu na begi langu, na mimi, kusema kweli, nilikuwa nimetoka kukinusa kibuyu chake. Kilikuwa na samli tu.

Wema hadi Kau

Tuliingia katika mfereji, miti imetuinamia pande zote, kisha tukatokea kwenye maji mapana yanayopanda na kushuka na bahari. Komora alitusimamisha mara mbili. Mara ya kwanza viboko walikuwa wamelala katikati ya njia yetu, na tukawangoja chini ya matawi bila kusema. Mara ya pili upondo ulinasa kwenye paa la nyumba iliyozama, naye akaomba radhi kwa mwenye nyumba ingawa hakukuwa na mtu.

Mimi na mzee hatukuzungumza. Komora alijaribu kutusuluhisha.

"Nyinyi wawili mna kesi moja, au kila mtu na yake?"

"Mimi sina kesi," nilisema.

"Mimi niko na moja," alisema mzee. "Lakini si na huyu."

Kau

Mjomba Athumani alikuwa kwenye gati. Alinyosha mkono kunishusha, akaona aliye nyuma yangu, akauachia mkono wangu hewani.

"Umekuja naye?"

"Mtumbwi ulikuwa mmoja."

"Amekwambia nini?"

"Hakuna."

Pumzi ilimtoka. Hapo nilipaswa kujiuliza kwa nini mtu aliyeniita nije kumsaidia anafurahi kwamba sijasikia kitu. Sikujiuliza bado. Mzee Mworma alipita kando yetu, akatoa salamu, Mjomba hakuitika, naye akaenda kukaa nje ya uwa wa Bibi, kibuyu mbele yake.

Jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kaburini. La pili lilikuwa kumuuliza Mjomba maswali, kwa mpangilio, kama ninavyofanya na kila kitu.

"Anadai shamba lipi?"

"Lote."

"Alikwambia mwenyewe?"

"Aliniambia. Yaani, watu waliniambia. Ile sehemu ya mtoni hasa."

"Lote au sehemu ya mtoni?"

"Wewe umekuja kunisaidia au kunihoji?"

Niliangalia nyumba. Chumba cha Bibi kilikuwa kimepakwa chokaa mbichi. Ndani yake kulikuwa na kitanda kipya cha kamba na mkeka mpya wenye rangi. Nilidhani ni changu, mgeni wa mbali. Lakini mizigo yangu ilipelekwa jikoni kwa wanawake.

"Chumba kile cha nani?" nilimuuliza Mjomba.

"Wageni wa hitima."

Jioni wageni wa hitima walifika kutoka Ozi na Kipini, na hakuna hata mmoja aliyelazwa humo. Mjomba ni mjane kwa miaka kadhaa sasa. Kitanda kilikuwa cha watu wawili.

Asubuhi ya hitima nilikwenda kwa mzee nje ya uwa. Sikumwamkia vizuri, nakiri.

"Mimi ni mjukuu wa Bi Mwanajuma," nilimwambia. "Wewe unadai shamba la bibi yangu."

"Najua wewe nani. Tangu Wema najua. Unatazama mtu kama yeye. Shamba? Mimi nifanye nini na shamba? Ng'ombe italima?"

"Umesema wewe ni mwanawe."

"Ya maziwa. Mimi nilinyonya yeye. Athumani anajua hii. Mimi mwenyewe niliambia yeye."

"Basi wewe unataka nini?"

"Sasa umeuliza," alisema.

Jina lake ni Barisa. Alikuwa na mifugo mbali, upande wa nyanda za juu zisizofurika, na huko nyuma mashemeji zake walimkubalia mtu amchumbie binti yake. Aliporudi alikuta posa imefungwa; siku ilikuja kupangwa baadaye, baada ya arobaini ya mama wa mchumba. Mchumba alikuwa Mjomba Athumani. Na mtu hawezi kumwoa binti wa ndugu yake, hata kama udugu wenyewe ni wa ziwa tu. Hilo kila mwanafunzi wa madrasa analijua. Barisa alimwendea Mjomba akamwambia. Mjomba alimjibu kwamba Mama amekufa, nani atasema?

"Mara ya kwanza mimi nilikuja na maji haya ili mama aseme mwenyewe," alisema. "Nilikuta kaburi."

Moyo wangu ulikuwa mwepesi kwa ajili ya Bibi na mzito kwa ajili ya Mjomba, lakini sikuwa nimeamini. Hadithi nzuri inaweza kutungwa. Mwanamume asiyempenda mkwe anaweza kutafuta sababu yoyote. Nilimwuliza nani mwingine anajua. Akasema hajui, alikuwa mchanga, aliambiwa na watu wake tu. Kulikuwa, alisema, na mwanamke mwingine aliyepiga kasia kumvusha Bibi.

Mwanamke wa umri huo Kau ni mmoja tu. Bi Mwanakombo, shoga yake Bibi tangu utoto, alikuwa amekaa jikoni akichagua mchele kwa vidole kwa sababu macho yake yameingia ukungu. Nilimpeleka pembeni. Sikumwambia niliyoyasikia. Nilitaka aseme mwenyewe.

"Bibi alikuwa na mtoto wa Kiorma?"

Alinipiga na ungo. "Arobaini haijasomwa, wewe wamvua nguo maiti!"

"Nauliza tu."

"Wauliza matope." Kisha alitulia, vidole vikarudi kwenye mchele. "Nani amekwambia?"

"Kuna?"

Alinisimulia kwa sauti ya chini, na hapa nayaandika kama alivyoyasema. Mwaka ule wa ukame Waorma walileta ng'ombe hadi ng'ambo ya pili, na ng'ombe wakaingia kwenye mpunga. Wanaume wa Kau walitoka na mapanga, Babu akiwa mbele yao. Huko kambini mke wa mtu alikuwa amejifungua akashikwa na homa, maziwa yakakatika, na ng'ombe wenyewe wamekauka. Bibi alikuwa dunguni na mwana mgongoni, akasikia kitoto kikilia ng'ambo mchana kutwa.

"Mamako ndiye aliyekuwa mgongoni," Bi Mwanakombo alisema. "Akanambia, Kombo, nipeleke. Nikapiga kasia. Akawapakata wote wawili, mamako kulia, yule kushoto. Kila siku, mpaka wakahama. Babuyo tulimwambia twenda kukata miyaa ya mikeka. Twarudi bila ya miyaa. Akasema sisi wavivu wakubwa."

"Kwa nini hamkumwambia?"

"Babuyo? Alikuwa anoa panga!"

"Na baada ya kufa kwake?"

"Bibiyo alisema, nyamaza, na mimi nimenyamaza. Hakunambia mwisho wake lini. Na watu wale walikwenda zao, nani angeoana nao?"

Nikamwambia kitanda kile ni cha nani. Alijua Athumani anaoa Mworma, kijiji kizima kilijua. Jina la baba wa bibi harusi hakuna aliyemwambia. Nilipolitaja, alisukuma ungo.

"Yule yuko wapi sasa?"

"Amekaa nje ya uwa."

"Ana kovu hapa?" Aligusa nyuma ya sikio lake. "Kupe alimng'ata, bibiyo akamtoa kwa meno."

Nilitoka, nikazunguka nyuma ya mzee kama mtu anayetafuta kuni. Kovu lilikuwapo. Nilirudi nikamwambia.

"Nishike mkono," alisema.

Hitima ilisomwa barazani, wanaume wamekaa mikekani, sisi wanawake nyuma ya uwa wa makuti. Mwalimu wa msikiti alipomaliza dua, Barisa alisimama nje ya mikeka. Mjomba alisimama papo hapo.

"Huyu ndiye niliyewaambia! Amekuja kula mali ya maiti!"

"Mali sitaki," alisema Barisa. "Nimekuja na kitu moja. Huyu asioe binti yangu. Mimi ndugu yake ya maziwa."

Kelele zilipanda. Mwalimu aliinua mkono, akamuuliza shahidi wake. Barisa alisema hana. Mjomba alifungua mikono kwa watu, kama mtu anayesema, mmesikia. Ndipo Bi Mwanakombo, ameniegemea, aliposema kutoka nyuma ya makuti kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Shahidi ni mimi niliyepiga kasia."

Akayasema yote, hadi miyaa. Wazee wawili wa Kau walioukumbuka ukame ule walitazamana. Mjomba alisema huyu ni kizee kipofu, amefundishwa na mtoto wa mjini. Mwalimu alimwacha amalize. Kisha akasema kwamba jambo likishasemwa hivi, na mama mwenyewe hayupo wa kulikanusha, lililo salama ni kuiacha ndoa yenyewe. Ndoa haipo.

Mjomba alikaa chini. Hakutazama upande wetu. Sijui mpaka leo kama alinidanganya kwa sababu alimpenda yule msichana au kwa sababu alitaka upweke umwishie, na sikumuuliza, ingawa nimeuliza kila kitu kingine.

Halafu Mwalimu akasema wafiwa wapewe mkono kabla ya chakula. Mjomba alisimama peke yake mahali pa wana wa marehemu. Mwalimu alimgeukia Barisa, aliyekuwa anafunga kikoi chake kuondoka.

"Na wewe unakwenda wapi? Umefiwa. Simama pale."

Barisa alisimama pale. Watu wa Kau, ambao wengine nina hakika wamewahi kuwarushia mawe ng'ombe wake, walipita mmoja mmoja wakamshika mkono, Mungu akupe subira, Mungu akupe subira. Alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, machozi yakimshuka bila kuyafuta, kwa sababu mkono wake haukuwa huru.

"Wampa mkono?" aliniuliza Bi Mwanakombo. Nilikuwa nimebandika jicho kwenye tundu la makuti.

"Wanampa."

"Wote?"

"Bado mmoja."

"Nani?"

"Mjomba."

"Basi tungoje," alisema, na wanawake waliokuwa wameshika sinia wakasimama walipo.

Mjomba Athumani alikuwa anaangalia mto, Barisa anaangalia miguu yake. Mabega yao hayakugusana. Kisha Mjomba, bila kugeuza uso, alinyosha mkono wake kando, akauacha hapo hewani mpaka yule mwenzake alipouona, akaushika.

"Amempa," nilisema.

"Haya," Bi Mwanakombo akawaambia wanawake, "pakueni. Na ya yule msitie samaki."